Anayekulipa Asiwe Ndiye Unayemlilia

*Shangazi, mimi ni mshauri nasaha, na juu ya diploma yangu nimesomea kidogo tiba ya sanaa. Nahudumia watoto katika kituo kimoja hapa Bombolulu. Wengi hawasemi; huchora. Mwezi uliopita mvulana mmoja alichora nyumba, akaipaka nyeusi mpaka karatasi ikatoboka. Tangu siku hiyo naiona nyumba ile nikipika, naiona nikiwa kwenye matatu pale Daraja la Nyali. Mkurugenzi wetu asema yeye ndiye supavaiza wangu, na kila Ijumaa tunakaa. Lakini huniuliza idadi ya watoto tu, kisha huchagua michoro ya kupelekea wafadhili. Nikisema nimeelemewa, hujibu, “Si kuchora tu?” Mtaalamu wa tiba ya sanaa wa kunisimamia simjui hata mmoja hapa Mombasa. Nifanyeje?*
*Mwenye Kalamu za Rangi, Bombolulu*

Mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, ndiyo maana mkubwa wako haoni uzito wake. Simlaumu kwa kuuliza idadi, kwani kituo hakiendi bila hesabu. Kikao cha Ijumaa kiendelee, ila kiitwe kwa jina lake: usimamizi wa ajira. Unachokikosa ni usimamizi wa kitaaluma: kukaa na aliyekutangulia katika fani, mkautazama mchoro, kisha mkatazama ulivyokugusa wewe. Mbele ya mwenye kuamua kandarasi yako, nani atakiri kwamba picha ya mtoto imemkosesha usingizi?

Usitafute mtu mmoja wa kukutimizia yote. Kwanza tafuta hapahapa Mombasa mshauri nasaha mzoefu, aliyesajiliwa na bodi ya washauri nasaha iliyoundwa kwa sheria ya 2014, na ambaye amezoea kusimamia wenzake. Huyo atakushika mkono kuhusu usalama wa mtoto na mipaka yako. Pili, tafuta mtaalamu wa tiba ya sanaa mzungumze kwa video, hata mara moja kwa miezi miwili. Waingereza wana chama cha fani hii tangu 1964, Wamarekani tangu 1969, anzia huko. Na wewe na kila mmoja wao andikianeni mapema: ada, saa, siri zitakazotunzwa, na siri zisizoweza kutunzwa mtoto akiwa hatarini.

Vikaoni usiende na maneno matupu. Mtoto akishaondoka, chukua karatasi yako, uchore kwa dakika kumi ulivyobaki moyoni. Mchoro huo wako ndio wa kumwonyesha msimamizi, sambamba na wa mtoto usio na jina.

Kuhusu ile nyumba, usikimbilie kuifasiri. Weusi waweza kuwa usiku, waweza kuwa masizi ya moto, waweza kuwa ndiyo kalamu pekee iliyokuwa haijavunjika. Muulize mwenyewe: “Humu anakaa nani?” Lakini ukiona dalili kwamba anaumizwa, usingoje kikao cha mtu yeyote. Mwone afisa wa watoto, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Sasa wafadhili. Bombolulu yetu ina karakana zake tangu 1969, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza mapambo ya kuuza. Mkufu wa pale umetengenezwa uonekane, usifiwe, ununuliwe. Mchoro wa mtoto huyu ulichorwa mbele ya macho mawili aliyoyaamini. Mkumbushe mkurugenzi, kwa adabu, kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Usimwache mikono mitupu: watoto wachore ukutani picha moja kubwa, wakijua tangu mwanzo kwamba wageni wataiona. Hiyo na ipigwe picha.

Na ada ya msimamizi? Mwombe mkurugenzi aiingize katika bajeti ya ombi lijalo la ufadhili, kama anavyoingiza karatasi na rangi. Anayetaka kazi ya watoto idumu hana budi kumgharimia anayeifanya.

Ijumaa hii mpelekee idadi yake. Nyumba nyeusi ibaki kabatini, na ufunguo uwe nao wewe.