Saa Mbili Ndani ya Kompyuta Moja

Kikundi kikihamisha hesabu za akiba kutoka kwa kitabu hadi kwa kompyuta, tarehe haiandikwi tena na katibu. Inaandikwa na mashine. Sasa stima ipotee usiku hapa Kapsoya, na asubuhi kompyuta iwake ikisema ni Januari ya mwaka wa zamani. Mama anayelipa mkopo leo ataonekana amelipa kabla hajakopa! Hapo ndipo maneno huanza kwenye mkutano.

Si pesa tu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Katika kazi kama hiyo tarehe ikikosewa, mgonjwa wa dawa za kila mwezi ataitwa lini?

Tuelewe kwanza kwamba kompyuta ina saa mbili. Kuna saa ya kioo, ile tunayoiona, ambayo hufa mashine ikizimwa. Halafu kuna saa ya betri, iliyo kwenye ubao mkuu ndani. Hii hutembea usiku na mchana kwa betri ndogo kama shilingi, na kwa kompyuta nyingi za mezani ni aina ya CR2032, volti 3. Mashine ikiwaka, saa ya kioo huiuliza saa ya betri wakati. Aliyeulizwa akiwa amepotea, wote wamepotea. Hata ikiwa nzima, hukosea kama sekunde moja au mbili kwa siku.

Tarehe ikirudi nyuma kila stima ikikatika, betri imeisha. Zima, chomoa waya, fungua, uweke mpya, upande wa + ukitazama juu. Ya zamani isiachwe mezani. Mtoto akiimeza huweza kumchoma koo kwa ndani, na hiyo ni safari ya hospitali mara moja.

Kisha linganisha saa. Kwenye Windows, ukirekebisha ya kioo, ya betri hufuata. Kwenye Linux, hakikisha kwanza kioo kinasema kweli, ndipo uandike:

sudo hwclock --systohc

Angalia sana hapo. Ukiandika --hctosys, unageuza mambo: makosa ya betri yanaletwa kwenye kioo.

Mashine yenye Windows na Linux pamoja ina ugomvi wake. Windows huandika saa ya Kenya kwenye ile ya betri, Linux hudhani ni UTC, saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Basi saa mbili asubuhi kioo chasema 11:00. Dawa ni hii:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Wataalamu wengine hawaipendi, kwa sababu kuna nchi zinazosogeza saa majira yakibadilika. Sisi Kenya hatusogezi, kwa hiyo hofu hiyo kwetu ni ndogo.

Siku ya mkutano, katibu alinganishe kioo na simu yake kabla ya kufungua hesabu. Zikitofautiana, asiandike malipo yoyote mpaka saa zote mbili zirekebishwe.