Duka la mtandaoni linapofunguka kwa kusuasua

Swali: Nauza vitenge, khanga na madera mtandaoni kutoka Kariakoo. Bidhaa zimefika 3,000, zote kwenye ukurasa mmoja. Wateja wanalalamika kuwa duka halifunguki na bando linakwisha. Je, nihamie seva kubwa zaidi?

Jibu: Usikimbilie seva. Piga hesabu kwanza: picha moja ikiwa na kilobaiti 200, bidhaa 3,000 ni kama megabaiti 600. Nani atasubiri hayo yote kwenye simu? Hata dukani humwagi robota zote mezani. Unamsikiliza mteja, kisha unamteremshia chache.

Anza na makundi anayoyajua mnunuzi: kitenge, khanga, dera. Ndani yake weka vichujio vya rangi na bei. Kila ukurasa uonyeshe bidhaa 24 tu, na namba za kurasa ziwe chini, ili mteja arudi kwa urahisi pale alipoishia.

Picha za orodha zipunguzwe hadi upana wa pikseli 400, kwa muundo wa WebP. Zikifika kilobaiti 30 kila moja, ukurasa mzima utabeba picha za kilobaiti 720 tu. Picha kubwa ibaki kwenye ukurasa wa bidhaa yenyewe, na picha za chini kwenye orodha zipakuliwe mteja anapozikaribia.

Mwisho, mwambie fundi wako aweke faharasa kwenye hifadhidata, kwa kundi na bei, na aombe bidhaa 24 tu kila mara. Ukurasa ukibaki mzito baada ya hapo, ndipo tuzungumzie seva.