Sakafu Isiyopiga Kelele: Mwongozo kwa Wenye Ofisi, Shule na Hospitali

Ghorofa nyingi za mijini humaliziwa kwa vigae vya kauri au terazo. Vinafutika haraka, vinang'aa, havichakai upesi. Kero huanza wapangaji wakishaingia. Mwenye viatu vya mchuchumio akipita ghorofa ya tatu, wa ghorofa ya pili anajua anaelekea wapi na amegeukia wapi. Kiti cha chuma kikiburutwa juu, mazungumzo ya chini yanakatika.

Kelele gani inakusumbua?

Kabla ya kwenda dukani, tega sikio. Kelele ya mshindo huzaliwa kitu kinapogonga sakafu: nyayo, miguu ya kiti, magurudumu ya toroli. Mtetemo unaingia kwenye zege na kutokea chini, wakati mwingine hata vyumba viwili mbele. Hii ndiyo kelele ambayo tandiko la sakafu huitibu vizuri, kwa sababu huukamata mshindo kabla haujaingia kwenye zege.

Sauti za watu, redio na jenereta husafiri hewani, na hizo ni habari nyingine. Huzuiwa na uzito wa slabu na kuta, na kwa kuziba matundu yanamopita mabomba na nyaya. Anayenunua zulia ili asisikie redio ya jirani wa juu anapoteza fedha zake.

Kuna pia mwangwi ndani ya chumba chenyewe. Zulia hunyonya kiasi, hasa sauti kali nyembamba. Vinaili karibu hainyonyi kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za pembeni darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa somo, na mwangwi uwe wa sekunde 0.6 hivi. Darasa lenye sakafu ya niru, kuta tupu na bati juu haliwezi kufika huko kwa kubadilisha sakafu peke yake. Anza na dari. Na usidharau vifuniko vya mpira kwenye miguu ya viti na madawati, kwani ni bei ndogo na nafuu yake inasikika siku hiyo hiyo.

Namba ya kumuuliza muuzaji

Maabara hupima mshindo kwa mashine yenye nyundo tano, kila moja gramu 500, zinazodondoka kutoka kimo cha milimita 40 na kugonga mara 10 kwa sekunde. Hugonga zege tupu kwanza, kisha zege lililotandikwa. Tofauti hiyo huandikwa ΔLw, kwa desibeli. Ikiwa kubwa ndiyo bora. Punguzo la desibeli 10 sikio hulisikia kama kelele imekatwa nusu.

Kigae kilichobandikwa moja kwa moja hakipunguzi chochote cha maana. Vinaili yenye mgongo wa povu hufika desibeli 15 au zaidi kidogo. Zulia zuri lenye tandiko chini yake huvuka 20.

Karatasi nyingine huonyesha alama ya IIC. Hiyo hupima sakafu nzima, na mara nyingi slabu nene na dari ya kuning'inia vimo ndani ya hesabu. Kama jengo lako halina dari hiyo, namba hiyo si yako.

Kipi kiende wapi

Ofisi za ghorofani, maktaba na korido za hoteli: zulia, hasa la vipande, maana kipande kilichomwagikiwa chai hung'olewa peke yake. Ukumbi wa benki au duka wanakopita watu wengi wenye viatu vya vumbi, weka mpira au vinaili ya povu.

Wodini, zulia hapana. Damu na dawa humwagika, na sehemu kama hizo zinahitaji kitu kinachooshwa na kukauka. Weka vinaili au mpira wa shuka nzima, viungo vichomelewe, kingo zipandishwe ukutani. Povu lisiwe laini kupita kiasi, la sivyo muuguzi atahangaika kusukuma kitanda.

Ukitaka vigae kwa vyovyote, tandika kwanza mkeka wa mpira au wa koki uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: kigae kikigusa ukuta, au saruji ikijaa pembeni, mshindo unapita hapo na mkeka wote umekuwa bure. Acha upenyo mdogo kuzunguka chumba, ujaze kwa kitu laini, na skatingi isikalie kigae.

Pwani, ogopa unyevu. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita juu ya zege, ziba kingo zote kwa selotepu, uache mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini yake, au zege limebadilika rangi, usigandishe kitu bado. Gundi itaachia na zulia litaota ukungu. Dai pia cheti cha kuhimili moto, hasa kwa njia za kutokea.

Kabla ya kulipa, omba sampuli ya kutosha mtu kusimama. Itandaze kwenye ghorofa yako mwenyewe, mmoja atembee na kuburuta kiti juu yake, wewe shuka ukasikilize chini.