Dondoo muhimu: Karo ya ualimu kwa vijana wa Eastlands, Nairobi

- Jua eneo bunge lako. Basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) hutolewa na eneo bunge: Umoja ni Embakasi Magharibi, Kayole ni Embakasi ya Kati, Dandora ni Embakasi Kaskazini, Maringo ni Makadara.
- Ulizia pia ofisi ya wadi kuhusu basari ya kaunti.
- Unaenda chuo kikuu? Omba mkopo wa HELB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu) mapema. Dawati lao lipo Huduma Centre, Makadara. Kumbuka mkopo hurudishwa, basari hairudishwi.
- Andaa nakala: kitambulisho, barua ya kujiunga na chuo, muundo wa karo na, kwa yatima, vyeti vya vifo vya wazazi.
- Fomu ya basari haiuzwi. Anayedai "chai" (hongo) mkatae.