Mhusika Akipendwa, ni wa Nani?

SWALI: Tuko wachoraji watano, wanne Ngara na mmoja Biharamulo. Tunataka kutoa jarida la katuni, kila mmoja na hadithi yake. Hata toleo la kwanza bado, tumeshaanza kukwaruzana: jalada achore nani, na mhusika akipendwa faida igawanywe vipi? Wenzangu wanasema tuanze tu, mengine yatajipa.
Mchoraji, Ngara

JIBU: Mwanangu, hayo mengine hayatajipa. Kabla hamjanunua karatasi, andikeni mhusika ni mali ya nani na neno la mwisho ni la nani. Tazameni jarida la katuni la Sani, lililoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970. Jina lake lilitokana na majina ya waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lakini wahusika wake, akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, walipita katika mikono ya wachoraji kadhaa. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wake waliopendwa sana, alifariki 1986, na jarida likaendelea. Mhusika, basi, anaweza kuishi kuliko aliyemchora, na hapo ndipo penye thamani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda msanii tangu anapoiumba kazi yake, na kazi ya pamoja ni ya wote walioiumba. Ila sheria haijui kwamba mmoja wenu alibuni sura, mwingine akatunga visa, wa tatu akatia wino. Mnaojua ni ninyi, na mnajua vizuri zaidi leo kuliko mtakavyokumbuka fedha zikishaingia.

Wenzako watasema makaratasi huleta kutiliana shaka kati ya marafiki. Mbona shaka imekuja kabla ya karatasi yoyote? Tena mwenza huweza kuondoka bila ugomvi, kwa kuwa amepata shughuli nyingine. Kule Nairobi, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mwaka 1973. Mwaka 1975 Ng'weno alianzisha The Weekly Review, na Joe likaendelea kutoka hadi 1979. Kwa hiyo andikeni hivi: mhusika ni wa aliyembuni, jarida lina ruhusa ya kumchapa, na mwenyewe akiondoka anaondoka naye, ila matoleo yaliyokwisha kuchapwa yanabaki ya jarida. Mliombuni pamoja, andikeni mgawo wake. Kisha mchagueni mhariri mmoja. Mkihofia atajifanya bwana mkubwa, mbadilisheni baada ya matoleo kadhaa; lakini kupigia kura kila fremu, na mmoja wenu yuko Biharamulo, kutawachosha kabla ya wasomaji.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka machapisho ya mfululizo yawe na leseni, basi ulizeni Idara ya Habari MAELEZO mapema. Msikate tamaa kwa gharama, kwa kuwa Ngara inawahitaji wachoraji wake. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka pale Rusumo, dunia iliiona Ngara kupitia kamera za wageni. Ninatamani sana kuiona ikichorwa na watoto wake. Toleo la kwanza liwe dogo, na kila hadithi iishie humo humo. Jalada alichore atakayetangulia kumkabidhi mhariri kurasa zake zote, zimekamilika. La toleo la pili ni la anayemfuata.