Fizibu Inaungua Tena: Kutafuta Kursirkwi Kwenye Rele ya Batri

Wanafunzi wenzetu, na ninyi walimu wetu, tunaendelea na masomo ya umeme wa gari. Leo tutasema juu ya gari iliyo na batri mbili, na rele inayoziunganisha. Gari za namna hii zinajulikana kwa sisi: batri ya kwanza ni ya demareri, na ya pili inalisha fonie, taa za usiku, ao friji ya kupelekea chanjo vijijini. Moteri ikizunguka, alternateri inatoa karibu volti 14, rele inaunganisha, na batri zote mbili zinapata chakula. Moteri ikizimwa, rele inatenganisha. Hivi fonie inaweza kumaliza batri yake usiku kucha, na asubuhi gari inawaka bila kusukumwa.

Sasa fizibu ya rele inaungua. Mnaweka ingine, inaungua vilevile. Wengine wanakata kipande cha waya ya shaba, wanakifunga mahali pa fizibu, kisha wanasema, «Basi, imepona.» Haijapona hata kidogo. Tupige hesabu kwa sheria ya Ohm, yule Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827: ampere ni volti kugawanya kwa ohm. Bobini ya rele ndogo iko na karibu ohm 80. Volti 12 kwa ohm 80 ni ampere 0,15. Fizibu ya ampere 5 haisikii kitu. Lakini ile waya ikigusa chuma cha gari mbele ya kufika kwenye bobini, zile ohm 80 haziko tena njiani. Inabaki sehemu ndogo sana ya ohm moja, na batri inaweza kutoa mamia ya ampere. Hiyo ndiyo kursirkwi: umeme umepata njia ya mkato. Fizibu ingekata njia hiyo mara moja. Waya ya shaba haikati. Kinachoungua ni mpira wa nyaya zote za pembeni, na kisha gari yenyewe.

Mjue kwamba rele iko na njia mbili. Ya kwanza ni ndogo, ya kuamuru: inatoka kwenye kontakti, inapita bobini (miguu 86 na 85), inaishia kwenye masi, ndiyo chuma cha gari. Ya pili ni nene, kutoka batri moja mpaka nyingine (miguu 30 na 87). Fizibu ndogo ikiungua, hapana kupoteza saa kwa kufungua kebo nene.

Mbele ya kugusa kitu, ondoeni masi ya batri zote mbili. Tunarudilia: zote mbili. Katika gari ya kawaida moja inatosha, lakini hapa kebo nene inapata umeme pande mbili, kila upande kwa batri yake. Aliyetoa moja tu anaweza kugusisha kle yake kwenye chuma na kuona moto. Ni kwa sababu hiyo kebo ile inapaswa kuwa na fizibu kubwa karibu na kila batri, si upande mmoja tu. Pete na saa ya chuma vikae mfukoni. Tena hapana kuwasha kiberiti kwa kuangalia, kwani batri inatoa gazi ya hidrojeni.

Angalieni kwanza kwa macho: mahali waya inapita katika tundu la chuma pasipo mpira, karibu na bomba la moshi, chini ya batri ambapo asidi inakula. Mkikosa, rudisheni masi ya batri ya kwanza peke yake, mchukue ampuli ya klinyota ya wati 21. Ifungeni mahali pa fizibu iliyoungua, na kontakti ifunguliwe. Ampuli hii ni mlinzi mzuri, maana haipitishi zaidi ya ampere 2, hata waya ikigusa chuma kabisa. Kama njia ni nzima, rele itapiga «tak» na ampuli haitawaka, kwa sababu ampere 0,15 haitoshi kuiwasha. Ikiwaka kwa nguvu, kursirkwi iko. Kama kuna vyombo vingine kwenye fizibu ileile, vitengeni kwanza.

Sasa chomoeni rele. Ampuli ikizimika, ubaya uko ndani ya rele ao katika namna ilivyofungwa. Ikiendelea kuwaka, rele haina kosa. Mfuate waya, mtikise kipande kwa kipande, mwenzenu akichunga ampuli. Kuna waya inayotulia uwanjani na kuunguza fizibu penye mashimo ya barabara tu. Hiyo mtaipata kwa kutikisa, si kwa kutazama.

Rele mliyoichomoa ipimwe kwa multimetri kati ya 86 na 85. Ohm 60 mpaka 100 ni nzuri. Karibu na sifuri, bobini imeharibika. Lakini angalieni mchoro juu ya kifuniko: rele zingine ziko na diodi sambamba na bobini. Mtu akigeuza nyaya, chanya kwenye 85 na masi kwenye 86, diodi inapitisha umeme wote na fizibu inaungua palepale. Watu wanavua dashibodi nzima kutafuta waya iliyochubuka, kumbe ni miguu miwili iliyogeuzwa!

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu, nao hauunguzi fizibu: midomo ya ndani ya rele imeshikana kwa joto. Zimeni moteri, ngojeni kidogo, mwashe taa za batri ya pili na kupima ile ya kwanza. Volti zake zikishuka pamoja na za pili, rele haitenganishi tena. Kuipiga kwa kle kunaweza kuiachisha kwa siku moja, lakini itashikana tena. Itafutiwe ingine yenye ampere za kutosha kwa kebo ile.