Mashine ya HIFU Katika Saluni na Spa: Mwongozo wa Usalama kwa Wafanyakazi wa Diani, Ukunda na Msambweni

1. Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi kwa kazi ya urembo Pwani ya Kusini: wahudumu wa spa za hoteli za Diani, wafanyakazi wa saluni za Ukunda na Msambweni, wakandaji wanaoitwa kwenye nyumba za wageni, pamoja na wasimamizi wao. Unahusu matibabu ya kukaza ngozi kwa mawimbi ya sauti, ambayo wateja huyaulizia kwa jina la HIFU.

Matangazo huyaita njia ya kuinua uso bila kisu. Kwa kuwa hakuna kisu wala damu, wengi huyaweka fungu moja na kusafisha uso au kupaka singo. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mashine hii hufanya kazi kwa kuchoma nyama iliyo chini ya ngozi, kwa makusudi. Kwa sababu hiyo, msimamo wa mwongozo huu ni mmoja: HIFU ni kazi ya daktari mwenye leseni, katika kituo cha afya chenye leseni. Mhudumu wa urembo asiishike juu ya uso wa mtu, hata akiamriwa.

2. Inavyofanya kazi

Mawimbi haya ni ya jamii moja na yale ya kupigia picha ya mimba hospitalini. Mashine ya picha hutumia mawimbi hafifu yasiyounguza. HIFU huyakusanya mahali pamoja, kama kioo cha kukuza kinavyokusanya miali ya jua mpaka karatasi ikaungua. Ngozi ya juu hupitwa na joto hutua ndani, kwa kawaida kwenye kina cha milimita 1.5, 3.0 au 4.5, kulingana na kichwa kilichofungwa kwenye mashine. Hapo joto hufika nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi na kuacha vidonda vidogo mno. Mwili ukiviponya hutengeneza kolajeni mpya, na ngozi hukaza kidogo kidogo. Matokeo huanza kuonekana vizuri baada ya miezi 2 au 3.

Mwaka 2009 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa cha kampuni ya Ulthera kitumike kuinua nyusi. Mwaka 2012 ikaongeza eneo la chini ya kidevu na shingo. Kifaa hicho kina skrini inayomwonyesha daktari tabaka za ngozi kabla hajapiga. Mashine nyingi za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni hazina skrini ya namna hiyo, na anayezitumia hukisia tu joto litatua wapi. Ruhusa ya kifaa kimoja haiwi ruhusa ya kila mashine inayofanana nacho.

Japani wamelipata somo hili kwa majeraha. Huko HIFU ilienea kwenye vituo vya urembo visivyo vya kitabibu, na wateja wakaungua, wakaumia neva, na wengine wakaumia macho. Mwaka 2023 tume ya usalama wa watumiaji ya nchi hiyo ilitoa ripoti juu ya ajali hizo, na mwaka 2024 wizara ya afya ikaeleza wazi kwamba kutumia HIFU kwenye mwili wa mtu ni kazi ya daktari.

3. Madhara ya kawaida na dalili za hatari

Hata daktari akiifanya vizuri, mteja anaweza kuona:

- wekundu au joto usoni kwa saa chache;
- uvimbe mdogo na maumivu akigusa, kwa siku chache au wiki kadhaa;
- michubuko midogo;
- ganzi au mwasho unaopungua siku hadi siku.

Dalili zifuatazo si za kawaida. Mteja aonwe na daktari siku hiyo hiyo:

- malengelenge, ngozi iliyopauka, au mistari iliyovimba inayofuata njia ya mashine;
- mdomo kwenda upande, kope kulegea, au nyusi moja kushindwa kupanda;
- kuona ukungu, jicho kuuma au kuogopa mwanga;
- maumivu yanayozidi badala ya kupungua;
- usaha, homa au kidonda.

Baadaye, baada ya wiki au miezi, huweza kutokea madoa meusi, makovu, au shimo shavuni pale mafuta ya chini ya ngozi yalipoungua. Uso uliokonda ndio ulio hatarini zaidi kwa shimo hilo.

4. Taya na jicho

Ili uelewe kwa nini mafunzo ya siku moja hayatoshi, weka kidole kwenye ukingo wa taya lako, kisha kaza meno. Utasikia msuli mgumu ukipanda. Sogeza kidole mbele ya msuli huo na ubonyeze taratibu. Utasikia mapigo ya mshipa wa damu. Hapo hapo hupita tawi la neva linaloshusha mdomo wa chini. Neva hiyo haionekani kwa macho na haiko mahali pamoja kabisa kwa kila mtu. Joto likiifikia, mteja hutabasamu upande mmoja. Mara nyingi hurudi hali yake baada ya wiki au miezi, lakini hakuna anayeweza kumwahidi hivyo akiwa bado kitandani.

Jicho halina nafasi ya kosa. Mawimbi yakilifikia, lenzi inaweza kuingia ukungu na kuwa mtoto wa jicho, ugonjwa ambao tiba yake ni upasuaji. Kope na ngozi iliyo juu ya jicho lenyewe zisiguswe kabisa.

5. Nani asifanyiwe, au aamuliwe na daktari kwanza

- Mwenye mimba au anayenyonyesha.
- Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au chuma kilichopandikizwa eneo litakalopigwa.
- Mwenye kidonda, chunusi kali, maambukizi au malengelenge ya midomo.
- Mwenye historia ya makovu yanayovimba na kukua.
- Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa.
- Aliyewahi kupooza upande wa uso.
- Aliyedungwa sindano za kujaza uso au kulegeza misuli, au kuwekewa nyuzi.
- Anayetumia mkorogo au krimu za kuchubua. Ngozi yake imedhoofika na hupata madoa kwa urahisi.

Swali la mkorogo liulizwe faraghani na kwa heshima. Mteja akiona anahukumiwa mbele ya watu atakana, na madhara yatamfuata yeye.

6. Mambo ya Pwani ya Kusini

Jua. Ngozi nyeusi ikiungua huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Jua la Diani msimu wa kaskazi, ambao pia ndio msimu wa wageni wengi, huzidisha hali hiyo. Anayepanga kushinda ufukweni kesho yake aahirishe.

Wageni wa muda mfupi. Mgeni aliyekuja kwa wiki moja au mbili atakuwa ameshapanda ndege ikitokea dalili ya baadaye, na daktari aliyemhudumia hataweza kumfuatilia. Mshauri akaonane na daktari wa ngozi kwao. Kwa kusema hivyo unamlinda yeye na jina la mahali pako pa kazi.

Nyumba za wageni na vyumba vya hoteli. Hakuna daktari, hakuna kumbukumbu, hakuna msaada wa haraka. HIFU isifanywe huko kamwe.

Vichwa vya mashine. Kichwa kina idadi maalumu ya mipigo. Kilichochoka au cha bandia hutoa joto lisilotabirika. Kikiinuliwa kidogo, au geli ikiwa haitoshi, joto hutua juu ya ngozi na kuiunguza. Umeme unaokatika na kurudi ghafla nao huharibu vifaa.

7. Kabla mteja hajalipa

Iwapo eneo lako la kazi lina daktari anayetoa huduma hii, hakikisha majibu ya maswali haya yako kwenye karatasi:

- Daktari ana leseni ya mwaka huu ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC? Kituo nacho? Orodha za baraza hilo zinaweza kutazamwa mtandaoni.
- Mashine inatambuliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia vifaa tiba nchini?
- Mteja ameelezwa manufaa, madhara na njia nyingine kwa lugha anayoielewa vyema, iwe Kidigo, Kiswahili, Kiingereza au Kijerumani, kisha akatia saini bila kuharakishwa?
- Zimeandikwa namba ya mashine, kina, nguvu, idadi ya mipigo na jina la aliyetumia?
- Picha za uso zimepigwa kwa ridhaa? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Haziwekwi kwenye simu yako wala kwenye tangazo bila ruhusa.

Cheti cha ususi na urembo ni cha heshima na kinafungua riziki, lakini hakimfanyi mtu kuwa tabibu. Kutoa matibabu ya daktari bila leseni ni kosa la jinai, na anayekutwa na mashine mkononi ndiye wa kwanza kuulizwa.

8. Haki zako kazini

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mafunzo na mazingira salama, na inakutaka wewe uripoti hatari kwa msimamizi. Ukiamriwa kutumia HIFU, kataa kwa adabu na kwa maandishi. Ujumbe mfupi unatosha: “Sina leseni ya matibabu haya, naomba mteja aonwe na daktari.” Tunza nakala yake.

Usikubali pia kuwa mtu wa kujaribiwa mashine mpya ili wenzako wajifunze. Uso wako haumo kwenye mkataba wa kazi. Ukiumizwa kazini, mjulishe mwajiri mara moja kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, mwajiri ana siku 7 za kuripoti ajali baada ya kuarifiwa.

9. Ajali ikitokea

- Simamisha kazi papo hapo, hata kama upande mmoja wa uso umebaki.
- Ngozi ikiungua, ipoze kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usiweke barafu, dawa ya meno, mafuta wala yai. Usipasue malengelenge.
- Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni au kituo cha afya kilicho karibu zaidi. Tatizo la kuona lipelekwe kwa wataalamu wa macho siku hiyo hiyo. Kwale Eye Centre iko huku huku Pwani ya Kusini.
- Andika saa, mashine, kina na nguvu iliyotumika, uende na karatasi hiyo. Daktari akijua kina cha moto hutibu vizuri zaidi.
- Mwambie mteja ukweli wote. Usimtulize kwa kusema ni kawaida wakati mdomo umekwenda upande.
- Mteja au mfanyakazi anaweza kupeleka malalamiko KMPDC.

Kuna kazi nyingi ambazo mikono yenu inazijua vyema na ambazo haziachi jeraha: kusafisha uso, kukanda, singo na liwa, na kumshauri mteja ajikinge na jua. Zitozeni bei inayostahili. Mteja anayetaka zaidi ya hapo aandikiwe jina la daktari mwenye leseni, na asitozwe kitu kwa ushauri huo.